Heroe wa Momella hawazaliwi Momella

Maziwa madogo yaliyo nyuma ya Mlima Meru hulisha ndege waliotoka Natron, nyika za Kazakhstan na barafu za Urusi. Kuyalinda kunaanzia mbali na kingo zake, na sehemu ya kazi hiyo iko mjini Arusha.

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa kata ya Daraja Mbili akigeuka kaskazini anauona Mlima Meru wote, kuanzia migombani hadi kileleni, zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Asichokiona ni kilichofichwa na bega la mashariki la mlima huo: maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Apande daladala hadi Usa River, apate gari la kumpitisha lango la Ngongongare, na kabla jua halijawa kali atakuwa amesimama mbele ya maji ya magadi yenye heroe, ndege ambao wengi mjini tunawaita flamingo. Wameinamisha shingo na kupindua vichwa, wakichuja chakula majini.

Kuanzia Oktoba hadi Machi hapo huwa na wageni wengine. Kuna bata wa domo pana na wenzao wenye mkia uliochongoka. Kuna vitwitwi wa aina nyingi wanaokimbia matopeni, baadhi yao wadogo kiasi cha kuenea kiganjani. Hao wametoka kaskazini ya dunia, walikokimbia baridi. Mvua za masika zikikaribia, huanza safari ya kurudi.

Sisi watu wa Arusha tumezoea kuwaita ndege hawa wa kwetu, na tuna haki hiyo kwa sababu tunawapa chakula na pa kupumzikia. Lakini ukiuliza heroe wa Momella alianguliwa wapi, jibu litakupeleka Ziwa Natron, zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Ukiuliza kuhusu bata wa domo pana, utafika Asia ya Kati na Urusi. Kwa hiyo ziwa la ndege wahamaji haliwezi kuokolewa na lango, askari na ramani ya hifadhi peke yake. Linategemea maziwa mengine, maji ya mlimani, maamuzi ya nchi jirani na mwenendo wa watu wanaoishi kando yake. Kuna mengi katika hayo yanayotuhusu hapa mjini.

Maziwa yaliyoachwa na mlima

Meru ya zamani ilikuwa mlima mkubwa kuliko huu tunaouona. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na mawe, udongo na majivu ya volkano vikamwagika hadi mbali kuelekea Kilimanjaro. Ndiyo maana ukiutazama mlima kutoka Momella unaona upande mmoja umebomoka, na katikati yake kimesimama kilele kidogo cha majivu. Mabaki ya mporomoko huo yaliacha vilima na mabonde mengi. Mabonde yalipojaa maji yakawa maziwa: Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia.

Maziwa haya ni jirani, lakini hayafanani. Maji yake hutoka zaidi chini ya ardhi, yakiwa yamepita katika miamba ya volkano na kubeba madini yake. Kila ziwa lina kiwango chake cha madini na aina zake za mwani, na ndiyo sababu moja huonekana la kijani iliyokolea na jingine la buluu. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Jua huyakausha, magadi hubaki, na mwaka hadi mwaka ziwa huzidi kuwa kali.

Ukali huo unaomzuia binadamu kunywa ndio unaomlisha heroe mdogo. Katika maji ya magadi huota kwa wingi viumbe vidogo vya kijani-buluu viitwavyo spirulina, na domo lake limeumbwa kuvichuja karibu na uso wa maji. Rangi yake ya waridi inatokana na chakula hicho. Heroe mkubwa, aliye mrefu na mweupe zaidi, huchimbua vijidudu na wanyama wadogo kwenye tope la chini. Kwa hiyo aina hizo mbili huweza kula ziwa moja bila kugombana.

Bata wahamaji nao wana sababu yao ya kuja. Maji hapa ni tulivu, hayagandi, na kingo zina mimea na wadudu. Momella ni miongoni mwa maeneo yanayotambulika kimataifa kwa umuhimu wake kwa ndege. Pia ni kimbilio la bata aina ya maccoa, ambaye idadi yake duniani imeshuka hadi akaorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Eneo hili lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1960, wakati huo likiitwa Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru uliongezwa, na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu uliliweka ziwa pamoja na mlima unaolipa maji chini ya ulinzi mmoja. Maziwa mengi ya Afrika Mashariki hayakupata bahati hiyo.

Natron, wanakoanguliwa

Heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5, yaani takriban robo tatu ya wote waliopo duniani. Wanazunguka kutoka Bogoria, Nakuru na Elmenteita nchini Kenya hadi Manyara na Momella kwetu, na safari zao hufanyika usiku. Lakini wakitaka kuzaa, wanarudi mahali pamoja. Natron ndilo ziwa pekee la Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana kwa uhakika na kwa wingi.

Natron lina urefu wa takriban kilomita 57, nalo kina chake hakifiki mita tatu. Lipo kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mpakani na Kenya, karibu na Oldoinyo Lengai, volkano hai ambayo Wamasai wanaiita mlima wa Mungu. Joto ni kali, maji yana magadi ya kuchoma ngozi, na kiangazi sehemu kubwa ya ziwa hugeuka ganda la chumvi lenye rangi nyekundu na nyeupe. Katikati ya ganda hilo heroe hujenga vichuguu vya tope, na juu ya kila kichuguu jike hutaga yai moja tu. Wazazi hulalia kwa zamu kwa karibu mwezi mmoja.

Wanachagua mahali pagumu hivyo kwa ajili ya usalama. Fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope linalochoma na ganda linalovunjika. Lakini ulinzi huo unategemea kiasi cha maji. Yakizidi, viota vinafunikwa. Yakipungua mno, ardhi inakauka na wanyama wanapita. Ndiyo maana heroe hawazai kila mwaka. Wanasubiri ziwa likae sawa, na wakilikosa wanaacha mwaka upite.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua heroe hawa wanazalia wapi. Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyeishi Kenya, ndiye aliyethibitisha mwaka 1954 kwamba ni Natron. Alijaribu kuwafikia kwa miguu kupitia topeni, na magadi yakamuunguza miguu vibaya kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Mwaka 1962 maji yalijaa Natron, na ndege wakahamia Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka. Huko magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga yakawa pingu. Watu walijitolea kuzivunja kwa mikono, na wakawaokoa maelfu. Kisa hicho kinatukumbusha kwamba hata walipopata pa kuhamia, ndege walilipa gharama kubwa. Hawana Natron ya pili.

Kiwanda ambacho hakikujengwa

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000. Mwaka uliofuata, bonde la Ziwa Natron liliandikishwa kuwa eneo la Ramsar, lenye ukubwa wa hekta zaidi ya 224,000. Nchi yetu ina maeneo manne ya aina hiyo, mengine yakiwa Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Mkataba huo haupigi marufuku matumizi. Unataka ardhioevu itumike kwa busara, bila kuua uhai wake.

Jaribio kubwa lilikuja miaka michache baadaye. Kampuni ya Tata Chemicals ya India, kwa ubia na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, ilipendekeza kujenga kiwanda cha magadi Natron, cha kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka. Magadi ni malighafi ya vioo, sabuni na kemikali, na soko lake ni kubwa. Mpango ulihitaji mabomba ya kunyonya maji ya ziwa, maji mengi baridi, barabara, reli na makazi ya wafanyakazi, yote katika eneo ambalo ndege hulikimbia wakisumbuliwa.

Mwaka 2007 mjadala uliwaka ndani na nje ya nchi. Mashirika ya kuhifadhi ndege, wanasayansi na baadhi ya wananchi wa eneo hilo walidai tathmini ya athari za mazingira haikujibu maswali ya msingi. Mwaka 2008 Tata Chemicals ilijiondoa. Wazo lenyewe halikufa hapo, kwani limerudi zaidi ya mara moja kwa sura tofauti.

Sipingi viwanda. Vijana wa Longido na Ngorongoro, wilaya za kando ya Natron, wanahitaji kazi kama vijana wa Daraja Mbili. Bahati ni kwamba nchi ina njia nyingine: bonde la Engaruka, wilayani Monduli, lina hazina kubwa ya magadi chini ya ardhi, na NDC yenyewe imefanya utafiti huko. Kuchimba Engaruka kwa uangalifu, bila kukausha maji ya wakulima na wafugaji wa hapo, ni jambo linaloweza kujadiliwa. Kuhatarisha mahali pekee ambapo robo tatu ya heroe wadogo wa dunia wanategemea kuzaa ni jambo lisilorekebishika likiharibika. Tofauti ya mambo hayo mawili inapaswa kuwa wazi kwa kila kiongozi anayeletewa andiko la mradi mezani.

Ebu tulinganishe. Momella iko ndani ya hifadhi ya taifa, yenye askari na mageti, lakini si eneo la Ramsar. Natron ni eneo la Ramsar, lakini si hifadhi ya taifa. Ndege haoni tofauti hiyo. Kwake hayo ni maisha yale yale katika vituo viwili, na ulinzi wa kimoja bila kingine ni nusu ya ulinzi.

Maji yanapobadilika

Mwaka 2004 heroe walikufa kwa maelfu katika maziwa ya Manyara na Momella Kubwa. Momella Kubwa limo lote ndani ya hifadhi ya taifa, na Manyara kwa sehemu. Hakukuwa na bunduki wala mtego. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliochunguza maji walikuta aina za viumbe vya kijani-buluu vinavyotoa sumu, wakahitimisha kwamba yawezekana ndivyo vilivyowaua. Chakula kilikuwa kimebadilika ndani ya maji, na ndege aliyezoea kuchuja akachuja sumu.

Tukio hilo linatufundisha kwamba hifadhi inaweza kumzuia jangili lakini haiwezi kuzuia maji kubadilika. Joto likipanda, rutuba kutoka mashambani ikiingia, au mvua zikibadilisha kiwango cha chumvi, mwani mmoja hupungua na mwingine huchukua nafasi.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 mvua kubwa ziliyajaza maziwa mengi ya Bonde la Ufa. Nakuru lilifurika hadi kumeza barabara na majengo. Kwa heroe mafuriko hayo yalikuwa njaa, kwa kuwa maji mengi hupunguza makali ya magadi, na makali yakipungua spirulina hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Current Biology ulitumia picha za satelaiti za maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki, kati ya 1999 na 2022. Ulionyesha kwamba chakula cha heroe kimepungua kadiri maji yalivyopanda, hasa katika maziwa ya Kenya. Watafiti walionya kwamba ndege wanaweza kulazimika kuhamia maeneo yasiyo na ulinzi wowote.

Hapo ndipo thamani ya maziwa madogo inapoonekana. Nakuru likikosa chakula, ndege wanahitaji kuwa na Manyara, Momella na mengine ya kukimbilia. Kila ziwa linaloharibika linawapunguzia nafasi ya kunusurika mwaka mbaya unapofika. Manyara lenyewe, lenye hifadhi ya taifa tangu 1960, linajazwa mchanga unaoteremka na mito kutoka mashamba ya nyanda za juu. Tukipoteza la Manyara kwa tope na la Natron kwa mabomba, Momella peke yake haitatosha.

Ndege wa nyika mbili

Mbali sana na Meru, katikati ya Kazakhstan, kuna nyika pana isiyo na miti na ndani yake maziwa ya Korgalzhyn na Tengiz. Majira ya baridi nyika hiyo huganda kabisa. Majira ya joto hujaa bata, vitwitwi na hata heroe wakubwa, ambao Tengiz ndiyo mwisho wa kaskazini wa mazalia yao duniani. Mwaka 2008 UNESCO iliyaweka maziwa hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na nyika inayoyazunguka. Eneo lote lina hekta zaidi ya 450,000, na liko kwenye makutano ya njia za ndege wanaosafiri kati ya Siberia, Asia ya Kusini, Ulaya na Afrika.

Bata wa domo pana na wenzake wanaotufikia huzaliana katika nchi za aina hiyo. Vitwitwi wadogo kabisa huzaa kaskazini zaidi, kwenye tundra ya Urusi. Kutoka huko hadi hapa ni maelfu ya kilomita, kupitia majangwa na vita, mabwawa yaliyokauka na bunduki za wawindaji. Anayefika Momella Novemba amekonda. Akikuta maji safi na utulivu hujaza mwili wake mafuta ya safari ya kurudi. Akikuta usumbufu au sumu, hawezi kurudi kuzaa, na nyika ya Kazakhstan itamkosa mwezi wa Mei bila kujua aliishia wapi.

Kwa sababu hiyo kuna mkataba wa kimataifa unaoitwa AEWA, wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Ulianza kutumika mwaka 1999, unahusu aina 255 za ndege, na Tanzania ni mwanachama. Kila Januari hufanyika sensa ya ndege wa majini katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, kusudi wasihesabiwe mara mbili. Kwa Afrika kazi hiyo ilianza mwaka 1991. Bila hesabu hizo tungekuwa tunabishana kwa hisia tu kuhusu kama ndege wanapungua au wanahama.

Arusha ina nafasi ya pekee katika kazi hii. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, zina mizizi yake hapa. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa. Mto mkubwa unaolisha Natron, Ewaso Ng'iro wa Kusini, unatoka msitu wa Mau nchini Kenya. Msitu huo ukikatwa, tope na mafuriko huishia kwenye viota vya Tanzania. Bwawa likijengwa kwenye mto huo bila kufikiria ziwa, kiwango cha maji ambacho heroe wanakisubiri hubadilika. Hilo ni suala la Jumuiya, nalo linapaswa kujadiliwa katika kumbi za jiji hili kwa uzito ule ule unaopewa ushuru wa forodha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Huwezi kuzungumzia uhifadhi upande huu wa Meru ukaruka historia ya ardhi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, jirani kabisa na Momella, ili ardhi iende kwa wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, na mifugo ikafa njiani. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akalipeleka shauri la watu wake Umoja wa Mataifa. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama huko kudai uhuru wa Tanganyika.

Familia nyingi zinazoishi kuzunguka hifadhi leo ni watoto na wajukuu wa waliofukuzwa. Wakisikia mtu kutoka mjini akisema eneo lilindwe, wanayo sababu ya kuuliza: lilindwe dhidi ya nani, na kwa faida ya nani? Swali hilo ni halali. Mhifadhi asiyekuwa na jibu lake hatadumu.

Upo pia mzigo wa maji. Madini yale yale yanayofanya Momella iwe kama ilivyo yamo kwenye visima na mito ya vijiji vya jirani. Floraidi imewapa watu wengi wa Meru meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda tangu utotoni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa kutumia chenga za mifupa ya wanyama iliyochomwa, teknolojia ambayo kaya inaweza kuimudu. Kupeleka maji salama katika kila kijiji kinachopakana na hifadhi kungekuwa uhifadhi wa maana kuliko mabango mengi. Mama ambaye mtoto wake anakunywa maji mazuri kwa sababu ya ujirani na hifadhi hahitaji semina ya kumwambia ailinde.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa mabawa amekuwa akija tangu kabla ya mipaka yetu kuchorwa. Tumejenga hoteli, kampuni za utalii na maelfu ya ajira kwa jina la wanyama. Mwenyeji wa Ngarenanyuki, jirani na Momella, au wa Engaresero, kando ya Natron, anapaswa kuiona faida hiyo kwenye bomba la maji, zahanati, ada ya shule na ajira ya kuongoza watalii, tena kwa hesabu iliyo wazi mkutanoni.

Kazi ya mjini

Turudi sasa kwenye kata zetu. Mito ya Arusha, ikiwamo Themi, Naura na Goliondoi, inatoka Meru ule ule unaojaza Momella, lakini inateremka upande wa kusini. Inapita katikati ya nyumba, gereji na masoko, kisha maji yake huingia Kikuletwa na kufika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Bwawa hilo nalo ni makazi ya ndege wa majini na riziki ya wavuvi. Chupa, mafuta machafu na maji ya chooni yanayomwagwa mtoni mjini hayaendi Momella, lakini hayapotei. Yanamfikia mvuvi na mwari wa Nyumba ya Mungu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tembea kando ya mto wowote wa jiji uone sheria hiyo inavyoheshimiwa. Wanaoishi ukingoni wengi wao ni watu wa kipato kidogo waliouziwa viwanja na wajanja, na kuwabomolea bila kuwaonyesha pa kwenda hakutaponya mto. Halmashauri inaweza kuanza na mambo yaliyo mkononi mwake: magari ya taka yanayofika kila mtaa kwa siku inayojulikana, mabomba ya majitaka yanayofika kata zenye msongamano, na kuzuia kiwanja kipya kisipimwe ndani ya mita 60. Wenye mitaa wanaweza kupanda miti ya asili inayoshika kingo, na wenyeviti wakasimamia.

Msitu wa Meru ndio unaobeba yote haya. Mvua inayonyesha juu yake huingia ardhini polepole, na ndiyo inayokuja kuwa chemchemi za mji, visima vya vijiji na maji ya Momella. Moto unaowashwa mlimani kwa ajili ya asali au malisho huchoma akiba hiyo. Mkazi wa mjini anayenunua mkaa bila kujua umetoka wapi ana mkono wake hapo.

Shule nazo zina nafasi. Watoto wengi wa Arusha wanamaliza darasa la saba wakiwa wamewaona heroe kwenye kalenda na mabango ya hoteli tu, ilhali ada ya raia kuingia hifadhini ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni. Shule zikishirikiana kukodi basi, na TANAPA ikiwapokea wanafunzi wakati wa sensa ya Januari, tutapata kizazi kinachojua kuhesabu ndege na kusoma rangi ya maji. Februari 2 kila mwaka ni Siku ya Ardhioevu Duniani. Ingefaa siku hiyo wanafunzi wa mjini watoe taarifa ya mto wa mtaa wao mbele ya diwani, wakieleza walichokikuta na wanachotaka kifanyike.

Kwa serikali, madai ni machache na yanatekelezeka. Natron lipewe ulinzi wa kisheria usiotegemea nani anaongoza wizara mwaka gani, na mradi wowote wa magadi uelekezwe kwanza mahali pasipo na mazalia. Maji ya Momella, Manyara na Natron yapimwe kwa ratiba ya kudumu, matokeo yatangazwe kwa wananchi, ili mwani wa sumu ugundulike kabla ya mizoga. Momella ifikiriwe kwa hadhi ya Ramsar, kwa kuwa inastahili. Tanzania na Kenya ziwe na mpango mmoja wa bonde lote la Ewaso Ng'iro, uliotiwa saini na wenye fedha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji elimu ambayo haipo. Tunajua heroe wanazaa wapi, wanakula nini, nini huenda kiliwaua 2004 na nini kiliwanusuru 2008. Walionusurika 2008 waliokolewa na watu waliosoma andiko la mradi, wakauliza maswali kwa sauti na wakakataa kunyamaza hadi majibu yapatikane. Baadhi ya watu hao hawakuwa wataalamu wa ndege. Mkazi wa Daraja Mbili anayehudhuria mkutano wa mtaa na kuuliza majitaka ya kata yake yanaishia wapi anafanya kazi ile ile, na anayo haki ya kujibiwa.